Mlango Uliosuguliwa

Shangazi yangu alitengeneza meno bandia tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na saa zake zote za mapumziko alizimalizia kwenye magari ya faiba. Zamani bodi za magari hayo ziliuzwa zikiwa tupu, zenye umbo la magari ya mashindano. Mnunuzi alitafuta gari dogo la bei nafuu, akalivua bodi yake ya bati, kisha akaifunga ile mpya kwa bolti juu ya chasisi ya chuma iliyobaki. Kwa juu ulikuwa na gari la tajiri, kwa chini la karani. Shangazi aliyanunua yakiwa yamechakaa, akayatia taa, viti na matairi mapana. Majirani walicheka kwamba iko siku atayatia na meno.

Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa resini mpaka kigande, na resini ilikuwa riziki yake. Aliipenda kwa sababu haishiki kutu. Jambo hilo ni kweli, na ndilo lililotuponza. Gari lake la mwisho, lenye rangi ya ini, lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, lakini kwa nje hukuona hata kovu.

Gari hilo alimtengenezea binti yake. Binamu yangu alikuwa amepata kazi katika zahanati iliyo juu ya mlima, na kila siku angepanda na kuteremka na mwanawe mchanga amefungwa kwenye kiti cha pembeni. Kwa hiyo safari hii Shangazi hakuwa anacheza.

Wiki moja kabla ya safari ya kwanza, mlango wa dereva ulianza kugoma kufunga. Shangazi alisema faiba imevimba kwa joto. Alichukua msasa, akasugua ukingo, mlango ukafunga vizuri. Siku chache baadaye ukagoma tena. Sasa ulikuwa umebana kwa juu, na kwa chini umeacha nafasi ya kupitisha kidole. Akasugua tena. Katika kazi yake, mgonjwa akirudi akilalamika kwamba meno yanamchoma, unayapunguza kidogo, unamrudishia na kumwambia aume. Humgusi mfupa. Basi Shangazi aliusugua mlango kwa subira ileile, akapuliza vumbi, akajaribu, akasugua.

Baba yangu, mdogo wake, ni mchomeleaji. Alipita pale kuazima jeki, akauona mlango. Aliingia akaketi kwenye kiti cha dereva na kutuambia tuitazame ile nafasi. Alipoketi, ikapanuka. Alipotoka, ikarudi. Akaketi tena, ikapanuka tena, na safari hii kitu fulani chini ya kiti kikalia taratibu.

"Dada," akasema, "unasugua jino, kumbe taya ndilo linalosogea."

"Wewe mdogo wangu, hata ukiumwa kichwa utataka kujichomelea."

Baba hakucheka. Alieleza kwamba bodi hii ni fupi, kwa hiyo zamani mtu fulani aliikata chasisi na kuiunga tena ili itoshe, na kiungo hicho kiko chini ya viti. Alitaka bodi iinuliwe wakitazame. Shangazi alikataa. Bolti zilikuwa zimeganda, na kuzilazimisha kungeipasua bodi yote. Tena sakafu ilikuwa na matundu, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameyaziba kwa faiba na kuyapaka rangi nyeusi. Kama Baba haamini, agonge. Baba akaingia chini na kugonga kwa nyundo. Haikuwa sauti ya chuma. Ilikuwa sauti butu, kama ya kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Siku hiyohiyo Baba alimtafuta binamu yangu na kumwomba apande basi. Binamu akamuuliza mama yake, na mama yake akamwambia kwamba angemkabidhi gari hilo hata mjukuu peke yake. Lilikuwa neno la utani, lakini binamu alilipokea kama kiapo.

Siku ya kwanza ya kazi alipanda mlima salama. Alasiri, wakati wa kuteremka, akatupigia simu. Usukani ulikuwa unavuta upande mmoja, kwa hiyo amesimama ukingoni mwa barabara. Sasa milango yote miwili haifunguki. Mtoto analia, na kuna harufu ya petroli.

Tulipofika, gari lilikuwa limebonyea katikati kama ng'ombe aliyevunjika mgongo. Madirisha yake ya kutelezesha hayakutosha hata bega. Baba aliweka mawe nyuma na mbele ya matairi, akatuambia tusiliegemee. Grenda ya kukatia chuma aliiacha kwenye gari lake, kwa sababu cheche moja ingetosha. Akatoa msumeno wa mkono. Shangazi akamnyang'anya.

Alikata bodi yake mwenyewe kuuzunguka mlango. Kila alipouvuta msumeno, chini kulilia. Binamu alikuwa amemfunika mtoto uso kwa shali kumkinga na unga wa kioo. Kipande kilipotoka, Baba alimpokea mtoto kwanza, kisha mama yake.

Ndipo tukaona chini ya kiti. Kiungo cha chasisi kilikuwa wazi kama mdomo. Chuma cha pande zote mbili kilibomoka kwa kidole kikawa unga mwekundu, na katikati kulikuwa na tabaka la faiba la Shangazi tu, limevutika na kuwa jeupe. Zaidi ya hilo, gari lilishikwa na bodi peke yake.

"Ningeendelea ingekuwaje?" binamu aliuliza.

Baba alitazama kona iliyokuwa mbele yetu, na bonde lililo nyuma yake. 

Shangazi alikuwa bado amepiga magoti. Alipitisha dole gumba kwenye ule mpasuko, taratibu, kama anayepima ufizi.

"Huu unazibika," akasema. "Matabaka mawili zaidi, na mlango nitausugua upya."

Binamu alimfunga mtoto mgongoni, akavua viatu vyake vya kazini, akaanza kuteremka mlima kwa miguu. Mama yake alimwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka.