Nilikwenda chemchemi kuchora neno SPRING, mtaa ukadhani naweka sumu

Wakuu, heshima kwenu. Hili nimelibeba tangu enzi za Zaire na sitalitia chumvi. Aliyekuwa Kalemie miaka ile anisahihishe nikikosea.

Nilikuwa mwaka wa sita sekondari. Mwalimu wetu wa Kiingereza, tuliyemwita Citoyen, yaani Raia, kama serikali ilivyolazimisha, alimpa kila mmoja neno moja. Utafute maana zake zote na mzizi wake, halafu kila maana uichoree kitu ulichokiona kwa macho yako. Kunakili kitabuni marufuku.

Mimi nilipewa spring.

Citoyen alisema mzizi wake wa zamani ni kuruka, kuchomoza kwa nguvu. Maji yakichomoza ardhini, hiyo spring. Majira ya Ulaya ambayo majani huchipua baada ya baridi, spring pia. Zamani waliyaita majira ya kuchomoza, baadaye wakafupisha. Na chuma kilichojikunja, ukikibana kinaruka kurudi mahali pake, nacho ni spring.

Nililipenda neno lile kama mtu anavyopenda safari.

Majira hayo sisi hatuna, tuna masika na kiangazi basi. Nikachora mahindi yaliyochipua nyuma ya nyumba. Springi alinipa Papa, yaani baba yangu, fundi wa mabehewa ya reli. Aliichomoa kwenye kitanda chetu kibovu akaipaka grisi. Nikaitia mfukoni.

Ikabaki chemchemi.

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Wiki ile watu mtaani walikuwa wanaharisha na kutapika. Wawili walishazikwa. Kila mtu alimtazama jirani kwa pembe ya jicho, hata salamu zilipungua.

Na kwetu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha kwa maneno: huendi kwenye maji mikono mitupu. Mwenye ndoo amekuja kuchota. Asiye na ndoo amekuja kufanya nini?

Mimi nilikwenda saa tisa mchana na daftari na penseli. Nikainama juu ya jicho la maji nione yanavyochomoza.

"Weye! Unatia nini mule?"

Alikuwa Mama Faila, mwenye kusimamia usafi wa chemchemi ile. Nyuma yake wanawake kama sita, ndoo vichwani.

"Hapana kitu, Mama. Niko natafuta neno."

"Neno? Kwenu maneno yaliisha, ukakuja kuyatafuta mu mayi yetu?"

Wengine wakacheka, lakini kicheko cha meno tu. Mmoja akanipapasa mfukoni. Springi ikatoka, inang'aa grisi.

"Njo dawa yenyewe hii! Muone, imepakwa mafuta!" (Njo kwetu ni ndiyo.)

Nikafungua daftari kuonyesha. Kosa kubwa. Wakaona jicho la maji limechorwa, pembeni yake chuma, chini maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.

"Tumupeleke kwa magendarme," akasema mmoja, yaani kwa askari. Wakuu, mnajua maana yake enzi zile. Mtu angeweza kuingia pale na viatu akatoka bila meno.

Mama Faila akakataa. "Kwanza anywe. Na muntu wa nyumba yake anywe naye. Muitie babake."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao. Mwenye sumu hainywi, na hainyweshi damu yake.

Papa akaletwa kutoka kazini, bado na ovaroli. Wakamweleza wote kwa pamoja. Akaiona springi mkononi mwa yule mama.

"Hii ni ya kitanda yangu. Mimi njo nilimupa."

"Basi kunywa, Papa."

Nilikunywa kwanza, kikombe kizima. Kisha Mama Faila akachota cha pili akampa Papa.

Papa akakishika. Hakunywa.

Nilijaribu kujiambia anaogopa ugonjwa. Lakini hakuwa anatazama kikombe. Alikuwa ananitazama mimi, kama ndiyo kwanza ananiona.

Halafu akanywa, akafuta mdomo, akarudi kazini.

Hatukuumwa. Wanawake wakachota maji yao, Mama Faila akanirudishia springi. "Siku ingine ukuje na ndoo, professeur." Citoyen alinipa alama nzuri kuliko darasa zima. Mtaa ulisahau ndani ya mwezi.

Papa na mimi hatukuwahi kulizungumza, mpaka nikamzika. Nilipomaliza shule nilivuka ziwa kwenda Kigoma, kisha Mpulungu, Bujumbura, sasa niko Mbeya. Watu huniuliza kwa nini situlii mahali.

Somo nililopata: ukweli wako haukutetei kama hukufuata njia ambayo watu wanaujulia ukweli. Kila mji ninaohamia, kabla ya kitanda, nanunua ndoo.

Nawaachia ukumbi. Aliyewahi kutiliwa shaka na mzazi wake mwenyewe, ulimsameheje? Mimi bado naziona sekunde zile.