Viazi Ambavyo Hakuna Aliyevipika

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu huko Isinya, wenzangu waliniita Kuku, nami sikuelewa kwa nini. Mama alilea vifaranga katika chumba kilichopakana na jikoni, lakini mimi sikuwahi kusikia harufu yao. Julai, baridi ilipozidi, alimlaza humo mdogo wangu Mwende, wa miezi minne, juu ya magunia ya chakula cha kuku, kwa sababu jiko la vifaranga liliwaka mchana kutwa.

Siku moja Susu, mama yake baba, akaja kutoka Machakos. Hata kuketi hakuketi.

"Nani anachemsha viazi?"

"Hapa hakuna viazi, Mama," mama akajibu, akiendelea kukata sukuma.

Kwetu Wakamba kila mtoto alijua: ukisikia harufu ya viazi na hakuna sufuria motoni, nyoka yuko karibu. Mama akanusa, nami nikanusa. Hakuna kitu. Mama alikuwa amenuna, maana Susu hakukosa neno kuhusu nyumba yake.

"Wewe, enda mpaka barabarani, vuta hewa, halafu urudi," Susu akaniambia.

Niliporudi nusura nitapike. Kuku! Kumbe wenzangu walisema kweli. Na chini ya harufu hiyo, nyingine hafifu, ya viazi.

"Iko, Mama! Inatoka kwa vifaranga!"

Mama alitupa kisu, akamnyakua Mwende angali usingizini. Jirani tuliyemwita alipoinua magunia, swila alikuwa amejikunja hapo, tumbo limevimba.

Siku hizi najua kidogo. Harufu ni chembechembe za kitu chenyewe. Hupanda na pumzi hadi juu puani, na mishipa ya fahamu ikapeleka habari kwenye ubongo. Habari ikiwa ile ile kila siku, ubongo huacha kuijali. Kama nyoka hunuka viazi kweli, sijui hadi leo. Huenda nilivisikia kwa kuwa Susu alivitaja. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Mwende wetu ana watoto wawili sasa.

Mama hakuomba msamaha, si kawaida yake. Ila tangu siku ile alimpokea Susu mkoba mlangoni na kumwambia, "Nusa kwanza, Mama, ndio nikupe chai." Mimi nami nina nyumba yangu. Mama mkwe akija akakunja pua, huwa naumia, kisha namfungulia milango yote.