Uliniombea Nini?

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba alikufa na njaa ikaingia kwetu. Shule niliachia mwaka wa nne. Niliuza makala ya kupikia, nilipokomaa nikachimba mawe ya malakiti kule Kambove. Mdogo wangu nilimlea kwa mgongo huu. Kama naandika vibaya, vumilieni. Nyumba nilijenga vizuri.

Mashine ya kusaga mahindi, mimi ndiye wa kwanza kununua katika mtaa wetu hapa Likasi. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu naye akanunua yake, barabara ya pili. Ilitoa unga laini kuliko yangu. Wamama wakahama na beseni zao, mimi nikabaki mlangoni natazama migongo yao.

Sikumtukana. Mimi ni mtu wa kanisa. Jumatano, kwenye kikundi cha maombi, nilisimama na sauti ya huruma nikaomba tumkumbuke mdogo wangu, Bwana amtoe mikononi mwa mufumu anayempa dawa za uchawi. Mufumu gani? Sikumjua hata mmoja. Lakini kwetu ombi la namna hiyo haliulizwi. Watu wanafunga macho, wanalia, kisha wanalibeba nyumbani. Jumapili ilipofika, hakuna mama aliyetaka kusonga bukari ya unga wa uchawi. Mustari wa wamama ukarudi kwangu, na mimi nikamshukuru Mungu. Kweli, nilimshukuru.

Mchana mmoja mdogo wangu akaja na beseni lake, akasimama nyuma ya wamama kama mteja. Alisema mashine yake imenyamaza mwezi mzima, basi amekuja kusaga kwa watakatifu. Wamama wakainamisha vichwa. Akaniangalia mimi mkubwa wake.

"Yaya, uliniombea nini?"

Nikajibu, "Baraka." Akaacha mahindi palepale, akaenda.

Nilimwambia mke wangu nitamwita mdogo wangu pembeni, tumalizane kimyakimya.

"Ulimuchafua mbele ya watu," akasema, "utamusafisha chumbani?"

Jumatano nilisimama tena. Nikasema hakuna mufumu. Kuna wivu wangu, niliuvalisha nguo ya maombi. Hakuna aliyejibu amina. Kesho yake nikajitwika beseni la mahindi, mwanaume mzima, nikapita katikati ya mtaa hadi kwenye mashine ya mdogo wangu. Mama mmoja akanifuata, halafu wawili. Nilipofika nikataka kuingia moja kwa moja, si mimi ndiye mkubwa?

"Yaya," akasema, "weye panga mustari."

Nikapanga. Wivu unarudi bado. Siku ukirudi, napeleka mahindi yangu kwake. Mke wake hanisalimii mpaka leo, ana haki. Ila mdogo wangu Jumapili anakuja kwangu, tunanawa, tunakula.

Leo niko na nyumba ya matofali, vyumba vinne, mabati mapya, mashine moja ya kusaga, toroli mbili, mbuzi sita, Biblia ya maandishi makubwa, na mdogo wangu.