Kete Ambayo Iringa Hakuila

"Iringa hana haraka. Akiwa na mtego, anataja hali ya hewa. Akibanwa, anasimulia mambo ambayo hakuulizwa. Hachezi magari yakiwa barabarani. Haachi kete ya kula, hata kama kuila kutamponza."

Hayo niliyaandika kwa penseli nyuma ya kalenda iliyopitwa na mwaka, nikayabandika ndani ya mlango wa kabati la chumba cha redio, Mbeya, mahali ambapo meneja hakuwa na sababu ya kutazama. Iringa ninayemsema si mji, ni mtu. Sisi tulioshika redio ya upepo katika kampuni ile ya malori tuliitana kwa vituo vyetu, na vituo vikageuka kuwa majina. Mimi nilikuwa Mbeya. Kulikuwa na Rujewa, kwenye ghala la mpunga, na kulikuwa na Iringa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Kazi yetu ilikuwa kuulizana lori gani limetoka, limebeba nini na limefika wapi. Katikati ya maulizo hayo kulikuwa na kimya kirefu, na kimya hicho tulikijaza kwa drafti. Kila mmoja alikuwa na ubao wake na vizibo vya soda, miraba tumeipa namba, na mchezo ulikwenda hewani kwa namba tupu. Asiyejua angedhani tunahesabu magunia.

Sipendi kushindwa. Nasema mapema, mtu asije akanidhania mpole. Nimekulia katika nyumba ya wafanyabiashara mjini Mbeya. Babu yetu alikuja na bidhaa kutoka pwani akabaki, na kwetu mtoto alifundishwa kumtazama mteja usoni kabla ya kumtajia bei. Hewani hakuna uso. Basi nikawa nasikiliza, na nilichosikia nikakiandika. Rujewa hakunisumbua: alicheza kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, na akikaribia kupata kingi alicheka kabla hajautaja mraba. Aliyeninyima raha ni Iringa. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mkubwa kwangu kwa umri, mwenye sauti ya taratibu, na kila alipokula kete yangu alisema neno moja la kwao: "Ndaga."

Kinyakyusa changu kilikuwa cha sokoni. Ukinunua ndizi ukalipa, muuzaji anakwambia ndaga; ni asante. Nikaandika: "Akikula, anakushukuru. Ana dharau." Neno lile liliniudhi kuliko kuliwa kwenyewe.

Mume wangu alikuwa dereva wa kampuni ileile, na karatasi yangu ilimchekesha sana.

"Unamchunguza mtu ambaye hujamwona hata kisigino," aliniambia.

Yeye alikuwa akimwona kila alipolala Iringa. Nikambembeleza aniambie mtu huyo anafananaje, akakataa katakata. "Ukimjua sura utamwonea huruma," alisema, "halafu atakufunga vizuri."

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya masika. Lori la mume wangu lilikuwa linakuja na mbolea, na lilitakiwa liwe limeingia Mbeya tangu jana yake. Lori kuchelewa wakati wa mvua si habari, madereva wenyewe husema barabara haina mjomba. Hata hivyo, asubuhi ile nilishika kipaza sauti kabla sijaketi vizuri.

"Iringa, Iringa, Mbeya hapa. Nipe habari za gari la mbolea, ova."

Alibonyeza, akaachia, akabonyeza tena.

"Mbeya, nakupata, dada. Gari lipo. Limeharibika kidogo huku Makambako. Springi ya nyuma imekatika, ile ya kushoto. Fundi ameshaondoka, amebeba springi na jeki, na chai wamewawekea kwenye chupa, ova."

Nilibaki nimeshika kipaza sauti. Chai? Nani kauliza chai?

Nikajikemea. Mtu anaongea tu, wewe unamfanyia hesabu. Nikauliza dereva yuko wapi. Akasema dereva yuko na gari. Nikauliza wataondoka saa ngapi. Akasema mvua upande ule imepungua, mawingu yameanza kuachana, huenda mchana kukawa na jua. Hapo niligeuka nikaitazama karatasi yangu ndani ya mlango wa kabati.

Simu ya mezani ilikuwa kwa meneja, ukuta wa pili. Ikalia. Meneja wetu alikuwa mtu wa kupiga kelele kwenye simu, kana kwamba anataka kufika Iringa bila waya, lakini safari ile sikusikia hata neno. Kisha akatoka, akapita mbele ya dirisha langu bila kugeuza shingo, akaingia kwenye pikapu na kuondoka. Mwavuli wake aliuacha umeegemea mlango, na mvua ilikuwa inamwagika.

"Mbeya," sauti ya Iringa ikarudi, "ubao unao hapo? Tucheze mmoja, ova."

Yeye! Yeye ambaye nikimwomba mchezo gari likiwa njiani hunijibu kama mwalimu wa zamu, "Kazi kwanza, dada."

Nilipanga vizibo. Watu waliosimuliwa kisa hiki wameniuliza kwa nini sikuuliza palepale, kwa nini nilicheza. Niliogopa, basi. Maadamu tulikuwa tunataja namba, hakuna aliyekuwa ametaja jambo jingine. Alitaja mraba, nikataja mraba. Sauti yake ilikuwa ileile ya taratibu.

Nikamtega. Nilisukuma kete yangu moja mbele yake, peke yake, bila mlinzi. Katika drafti yetu kula ni lazima. Ukiiona kete ukaiacha, mwenzako anaondoa yako. Sijawahi kumwona mchezaji aliyekuwa mkali wa sheria hiyo kama Iringa. Akasogeza kete nyingine, pembeni kabisa.

"Umeacha kula, ova," nikamwambia.

"Sijaiona, dada. Twende tu, ova."

Sikuondoa kete yake. Nikaweka nyingine, wazi zaidi, kiasi kwamba mtoto aliyejifunza drafti jana angezila zote mbili kwa mruko mmoja. Nikataja mraba wangu, nikangoja. Nilikuwa namwomba Mungu ale. Sijawahi kuomba kushindwa isipokuwa siku ile.

"Ndaga, dada," akasema. "Ndaga."

Hakuwa amekula kitu.

Nikamkumbuka jirani yangu Mnyakyusa, mtoto wake alipoungua kwa uji. Wanawake wa kwao waliingia mmoja mmoja, wakaketi mkekani, na kila aliyeketi alimwambia ndaga. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha chai. Hakuna aliyekuwa anamshukuru mwanamke yule kwa kuunguza mtoto. Walikuwa wanampa pole! Neno ni hilohilo moja, na mimi nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, ila nilishamhukumu Iringa kuwa ana dharau, nikafunga mlango. Kumbe kila alipokula kete yangu alikuwa ananipa pole.

"Iringa," nikasema, "niambie wewe. Yuko hai?"

Sikusema ova. Redio ilivuma tupu. Rujewa naye alikuwa anatusikia, wimbi lilikuwa moja, na yule mtu wa kucheka kila kitu hakutoa hata pumzi. Kisha Iringa akabonyeza. Nilisikia mvua ikipiga bati la kwao.

"Dada, wamenikataza. Wazee waje kwanza."

"Nimekuuliza wewe, kaka."

"Hayupo, dada. Lori lilipinduka jana usiku, amefariki alfajiri." Kisha akasema kwa haraka, yeye asiye na haraka, "Usiseme umesikia kwangu. Nina watoto. Ova."

Sikulia. Nilikusanya vizibo nikavitia kwenye kopo, kimoja kimoja, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nilijua kinachofuata. Kwetu mtu hapigwi na kifo ghafla. Huletewa ugonjwa kwanza. Wazee wanakuja, wanasema fulani anaumwa, unatoka nao, na ukifika nyumbani unakuta wanawake wameketi chini. Unaelewa bila kuambiwa.

Pikapu ikaingia uani. Meneja alibaki nyuma ya usukani. Aliyeshuka ni baba mkwe wangu, fundi cherehani, mtoto wake wa kiume alikuwa mume wangu peke yake. Alivuka matope ameshika kanzu yake juu ya vifundo, akasimama mlangoni, maji yanamchuruzika kofiani.

"Mwanangu," akasema, "mumeo anaumwa kidogo. Yuko hospitali. Chukua mtandio wako, twende nyumbani."

Maneno yale alikuwa ameyafanyia mazoezi garini. Yalitoka yamenyooka mno. Nilitaka kupiga ukelele. Nilitaka kumwambia najua, niache, usinidanganye na wewe. Lakini safari hii nilikuwa na uso mbele yangu, nikautazama, na nikaona kwamba sentensi ile ndiyo iliyokuwa imemsimamisha mzee yule. Ningeiangusha, naye angeanguka.

Nikajifunga mtandio.

"Twende, baba," nikasema. "Inshallah atapona."

Alifungua kinywa kuitikia amina, na amina haikutoka. Alishika fremu ya mlango, akateremka taratibu mpaka akaketi kizingitini, kanzu ndani ya matope. Nikaketi naye, nikamshika mkono, na hapo ndipo tulipolia.