Mkanda wa Tatu Uliobaki Garini

Siku yangu ya kwanza kwenye gari la sinema, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu hakuniruhusu kugusa projekta. Alinipa kitambaa laini nipanguse lenzi. "Picha ikiwa chafu," akasema, "watu watakutukana wewe, si kampuni." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona msomi. Nilipangusa hadi mchana.

Kampuni yetu iliuza sabuni. Tulizunguka Ngong, Kiserian, Kajiado na Kitengela, tukatundika shuka jeupe sokoni, tukawasha jenereta na kuonyesha picha bure. Filamu moja ilikuja kwa mikanda minne iliyoviringwa kwenye magurudumu ya chuma. Wakati wa kubadilisha mkanda tuliweka matangazo ya sabuni.

Ilipofika filamu ya wizi wa dhahabu, mimi nikiwa sasa ndiye mwendesha projekta, Meneja wa Matangazo aliitazama ofisini akipiga miayo. "Huu mkanda wa tatu ni maneno matupu. Uache, weka sabuni mara mbili."

"Lakini bwana meneja, hadithi itakatika."

"Wewe unauza hadithi ama sabuni?"

Niliuacha. Basi Kitengela waliona wezi wakimfunga kamba mlinzi mzee, mzee akilia, halafu ghafla kesi iko kortini. Soko zima lilimcheka. Kwa kuwa walicheka, tuliirudia kila safari.

Baba Naserian alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi kando ya uwanja ule. Vijana wakaanza: "Baba Naserian, leo unalia saa ngapi?" Mwenye duka naye akajiunga: "Mzee, niko na leso hapa, usilowanishe simiti yangu."

Jioni moja alinijia nikikunja shuka. "Fundi, yule mzee analilia nini? Mtu mzima halii kwa sababu ya kamba."

Nikamweleza. Mwizi aliyemfunga ni kijana aliyemlea mwenyewe. Mzee amemtambua kwa sauti. Kwenye mkanda wa tatu anakataa kumtaja kwa polisi, anafutwa kazi, kisha anamfuata kijana nyumbani na kukaa naye mpaka anakubali kujisalimisha.

Akawaonyesha kwa kidole vijana waliobaki uwanjani. "Waonyeshe hawa. Mara moja tu. Mimi nikisema, wataona najitetea."

Nikamwahidi.

Safari iliyofuata, Meneja alikuja nasi. Baba Naserian alisimama mbele, amewaita wale vijana na mwenye duka wake. Mkanda wa pili ukaisha. Wa tatu nilikuwa nao mkononi. Nikamtazama Meneja, nikaurudisha kwenye sanduku, nikaweka sabuni.

Walicheka kuliko siku zote. Mwezi huo Baba Naserian aliacha kazi, akaenda Kimana kulima vitunguu kwenye shamba la watu. Hakuniaga.

Miaka ya elfu mbili kampuni iliuza gari, ikatupa filamu kama takataka. Meneja alifanyiwa sherehe ya kustaafu, akasifiwa kwa kuwajua wananchi. Wananchi gani aliowajua? Aliwaona hawana subira ya kumhurumia mtu, akawanyima nafasi ya kujaribu.

Nami nimestaafu, na watu hunifariji kwamba nilikuwa mfanyakazi tu. Nakataa. Mkono uliorudisha mkanda ulikuwa wangu.

Ninyi mliocheka Kitengela, wengine leo mmeajiri walinzi. Yule mzee hakulia kwa woga. Nimewaambia sasa, wakati Baba Naserian hayupo uwanjani kuwaona mkinyamaza.