Mama Tadea na Mgeni wa Kuchimba Ngoro

Mama Tadea, mwenye gesti ya nyuma ya soko pale Mbinga mjini, hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Akiamua kupika, mnashiba; akiamua kugomba, mtaa mzima unafunga madirisha. Kwa hiyo wenye gesti walipoitwa semina, na mkufunzi akasema kwamba msafiri wa mara kwa mara hurudi pale anapojisikia yuko nyumbani, Tadea alilichukua neno hilo zimazima.

Wenzake walitoka wakanunua ndala za chumbani na birika za umeme. Yeye alitoka na hofu. Karibu na stendi ilikuwa imefunguliwa loji mpya ya ghorofa, yenye maji ya moto na televisheni ukutani, na wateja wake walikuwa wamehamia huko kama kuku waliosikia mtama unamwagwa. Aliyebaki ni Hamphrey peke yake, fundi wa majokofu ya zahanati, mtu wa Iringa, aliyekuja kila mwezi kuzunguka vijiji kuanzia Maguu hadi Liparamba. Huyu naye akihama, gesti ifungwe, na Tadea, mjane ambaye wanawe wote wako mbali, abaki akisalimiana na vitanda.

Basi akajiuliza: nyumbani ni nini hasa? Ndala? Mbona zake zilikatika zamani na bado pale ni kwake? Nyumbani, aliona, ni mahali ambapo hakuna anayekuonea haya. Na wahenga walishamaliza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mwezi uliofuata, siku ya tatu, Hamphrey alifungua mlango akakuta jembe limeegemezwa ukutani, pale ambapo kwa kawaida huwekwa ndoo ya maji ya kuoga.

"Shikamoo mama. Naona kuna mtu kasahau jembe."

"Marahaba. Hajasahau mtu. La kwako hilo. Chai utakunywa tukirudi."

Akamswaga hadi mlimani kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Hamphrey alichimba vibaya, na Tadea akamsema mbele za watu. Jioni hakuandaliwa meza. Aliambiwa ugali uko jikoni, dagaa wako kwenye sufuria, na vyombo havijioshi. Jina la "bosi" likafa, akawa "wewe Hamphrey". Alinuniwa kwa kuingia na matope. Aliitwa hata kwenye kikao cha ukoo, kuhusu mbuzi wa mzee Wendelini, kaka yake Tadea, aliyetafuna miche ya kahawa ya jirani; na alipotoa maoni yake akaambiwa anyamaze, wakubwa wanaongea.

Mtu mwenye akili zake angefunga mizigo. Hamphrey alinenepa. Akishuka kwenye basi aliipita ile loji bila kuitupia jicho, akaingia kwa mlango wa uani na kuuliza leo kimepikwa nini. Tadea alijibu kwa ukali, akageukia moshi ili furaha yake isionekane.

Kumbe mambo bado. Jioni moja mke wa Hamphrey, Violet, alipiga simu kumuuliza yuko wapi.

"Niko nyumbani," Hamphrey akajibu, huku anapukuchua mahindi.

Violet, aliyekuwa amekaa sebuleni kwake Iringa, akachungulia nyuma ya kochi. Akaingia chumbani. Akafungua hata stoo. Kisha akaenda kukata tiketi ya basi.

Alifika Mbinga amejifunga kibwebwe, tayari kumkunja mwanamke mwenzake. Alichokikuta ni bibi mwenye mvi, na mumewe amechuchumaa uani anasugua sufuria kwa majivu, anaimba wimbo wa kanisani.

"Mama, huyu ndiye mke wangu," Hamphrey akasema, wala hakuacha kusugua.

"Karibu, mgeni," Tadea akajibu, akampokea mzigo.

Violet akafungua kibwebwe. Akakaa kwenye kigoda akaanza kulia.

"Mama, huyu kwangu hajawahi kuinua hata sahani!"

"Kwani akifika unamfanyaje?"

"Nampokea vizuri. Nachinja kuku. Watoto nawaambia wasipige kelele, baba amechoka. Natandika shuka nzuri. Naye anakaa tu kwenye kochi, asante, asante, mpaka siku anaondoka."

Tadea alielewa papo hapo, na roho ikamuuma, maana dawa alikuwa nayo, na kuitoa ni kujifungia gesti kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kunyamaza. Alijaribu kabisa. Lakini mtoto wa mwenzio akilia mbele yako, ulimi haukusikii.

"Mwanangu," akasema, "mwenye gesti ni wewe, siyo mimi. Mgombeze huyo. Mtume sokoni. Mnunie!"

Violet alirudi Iringa akafanya alivyofundishwa, tena akazidisha. Hamphrey akapewa banda la kuku aliezeke, watoto wakampandia mgongoni, shemeji zake wakaanza kumwita kwenye vikao. Safari iliyofuata Mbinga, hakulala kwa Tadea. Alilala kwenye loji ya ghorofa, na Jumapili, misa ilipotoka, akapita kusalimia.

"Mama, usinifikirie vibaya," akasema. "Nyumbani sasa ni kazi tupu. Nikisafiri nataka nipumzike, niletewe chai mezani."

Tadea alipata hasira hadi masikio yakamwasha, na chini ya hasira kulikuwa na huzuni kubwa zaidi. Hakugomba. Utamgombaje mtu asiye wako? Alifuta kiti kwa upindo wa kanga yake, akamletea soda kwenye trei, akamuuliza kwa upole habari za safari.

Hamphrey aliinywa soda akaimaliza. Halafu akabaki ameshika chupa tupu, ndani ya nyumba ambayo alijua kila kijiko kinakaa wapi, asijue aiweke wapi.