Mtanikoma wa Dada Mina

Jina lake kamili ni Wilhelmina, na kabla sijasema lolote zuri juu yake niseme hili: hasamehi. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Butimba miaka kumi na tatu, mimi nikishona nguo barazani kwangu, yeye akianika ngozi za samaki uani kwake, na sijamwona akimsamehe hata kuku aliyemdonolea unga. Wanaomwambia mtu wa namna hiyo asahau yaishe, mara nyingi ni wale ambao hawajachokozwa.

Mume wake alipofariki, mawifi walimtoa kwenye nyumba kule Magu akiwa bado na nguo za msiba. Akaja Mwanza, akapata kazi ya kukata minofu ya sangara kiwandani, akapanga chumba, akafuga mbwa dume wa rangi ya kahawia na kumpa jina Mtanikoma. Kwetu huku, mtu mwenye neno na ndugu au jirani yake, ambaye hataki ugomvi wa mdomo, humpa mbwa neno hilo liwe jina, kisha akaliita kwa sauti. Mawifi walipokuja siku moja kujifanya wanamjulia hali, Dada Mina alimwita mbwa wake mara nne kabla chai haijachemka. Hawakurudi tena.

Mimi, Sada binti Muhidin, ni Mwislamu na mbwa simgusi. Mtanikoma alilijua hilo, akawa anapita mbali na vitambaa vyangu. Lakini niliona alivyotunzwa. Asubuhi alikula mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa. Cha kutafuna kilikuwa ngozi ya sangara iliyooshwa maji matatu, ikavingirishwa na kukaushwa juu ya chanja ya waya, si juu ya mchanga hata siku moja, kwa sababu mchanga humaliza meno. Siku za furaha alipewa matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa. Chumvi hakuonja hata punje. Dada Mina alisema mbwa hana haja ya chumvi ya binadamu, na nyingi humuua.

Mwaka juzi Dada Mina akafanyiwa upasuaji wa jicho, akakatazwa jua na moshi kwa wiki tatu. Hakuweza kuanika. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vyakula vya mifugo la Nestory, mwanamume wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, anayeuza kwa maneno kuliko kwa mizani. Alikuwa ameanza kutengeneza pakiti zake mwenyewe zilizoandikwa: kitafunwa asilia cha mbwa, samaki mtupu. Dada Mina, jicho moja likiwa limefungwa bandeji, alinusa pakiti, akapata harufu ya sangara, akanunua. Kosa lake ni hilo. Miaka yake ya kiwandani ilimfundisha kwamba samaki mbaya hujulikana kwa pua, lakini chumvi haina harufu.

Siku ya tatu Mtanikoma alimaliza ndoo ya maji, akatapika, akaanza kuyumba na kutetemeka miguu. Bwana mifugo alipofika alikigusa kile kitafunwa kwa ncha ya ulimi, akatema. Alisema ni kayabo, wale sangara wa chumvi nyingi wanaosafirishwa kwenda Kongo. Mtu alichukua makombo yao, akayaloweka kidogo, akayakausha upya. Jioni ile Mtanikoma akafa, na mimi nisiyegusa mbwa ndiye niliyeshika upande wa pili wa gunia mpaka kwenye shimo.

Dada Mina alivuka barabara akamuuliza Nestory kama alijua alichoweka kwenye pakiti. Nestory alisema hajui lolote, samaki ni samaki. Kisha, kwa kuwa dukani kulikuwa na watu, akaongeza: "Mama, mbwa ni mbwa tu. Ulitaka nimpikie pilau?"

Watu wakacheka. Nami nakiri kwamba tangu siku hiyo nilimchukia Nestory kwa roho safi kabisa.

Dada Mina aliporudi hakulia. Aliniambia Nestory alijua, na kwamba hataki pesa wala polisi. Alitaka kijana yule aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba alijua. Mpaka siku hiyo, shikamoo yake haitajibiwa.

Jicho lilipopona akaacha kazi kiwandani. Akaweka meza na mwamvuli mbele ya baraza yangu, uso kwa uso na duka la Nestory, akapanga ngozi zake, mapafu yaliyokaushwa na matobolwa. Pembeni aliweka mabeseni mawili ya maji. Katika moja alitumbukiza kitafunwa chake, katika jingine kile cha Nestory. Kila mteja aliambiwa aonje maji yote mawili. Hakumtaja mtu wala kutukana. Alisema tu, "Onja, halafu mpe umpendaye." Watu walionja beseni la pili, wakakunja uso, wakageuka kutazama ng'ambo. Wengine walikuwa wamevuka kwa kivuko kutoka Kamanga kuja kununua cha mbwa wao wa ulinzi, wakirudi kwao na habari mdomoni.

Nestory kila asubuhi alisalimia kutoka kizingitini, "Shikamoo, mama," watu wasikie kwamba ana adabu. Dada Mina alihesabu ngozi zake kana kwamba ni upepo umepita. Mwaka mzima hivyo. Pakiti zikarudishwa dukani, zikajaa gunia, na gunia likabaki kwenye kona.

Nestory alikuwa na mbwa wa kulinda duka, mkubwa, mweusi, jina lake Tajiri. Asubuhi moja ya Machi tulimwona Nestory anavuka barabara amembeba kifuani kama mtoto, shati limelowa matapishi. Tajiri alikuwa amekata kamba na kulipasua lile gunia. Miguu ilikuwa inamtetemeka vilevile. Nestory alimlaza mbele ya meza, akasema bwana mifugo hapokei simu yake, na hakuna mwingine anayejua la kufanya.

"Shikamoo, mama," alisema.

Dada Mina hakuitika. Wateja wanne walikuwa wamesimama hapo. Nilimtazama mbwa, nikamtazama yeye, nikaogopa kwamba atamwacha afe. Niseme kweli yote: upande mmoja wa moyo wangu ulitaka amwache.

"Sema ulichokuwa unajua," Dada Mina akamwambia.

Nestory akapiga magoti, sijui kwa ajili ya mbwa au kwa ajili ya aibu.

"Nilijua, mama. Ni makombo ya kayabo. Ndiyo maana huyu sikuwahi kumpa."

Hakuna aliyecheka.

"Marahaba," akajibu Dada Mina. Akamnywesha Tajiri maji kidogo kidogo, akanituma nimpigie bwana mifugo kwa simu yangu. Alifika, akatundika dripu kwenye nguzo ya mwamvuli. Siku sita mbwa alilala uani kwa Dada Mina, akila mapafu ya kuchemsha, na siku ya saba akasimama.

Nestory alikuja kumchukua na kamba mpya. Mbwa alikwenda naye, akalala dukani usiku mmoja, asubuhi akavuka barabara mwenyewe na kujilaza chini ya meza. Ikawa hivyo kila siku. Nestory husimama kizingitini akiita Tajiri, Tajiri, na mbwa hainui hata sikio.

Kisha Dada Mina huchukua kipande cha tobolwa, humtazama Nestory usoni, na kuita taratibu, "Mtanikoma." Mbwa anainuka.